Nyumba ya kupanga Dar es Salaam karibu na shule nzuri ya serikali: hatua kwa hatua

Ikishafika Septemba maswali huanza. "Nahamia Dar na watoto wawili, nikae wapi?" "Upande wa Tabata shule gani ya serikali ni nzuri?" "Dalali kanipatia nyumba Kinyerezi, kuna shule karibu?" Majibu yangu ni yale yale kila mwaka, kwa hiyo nimeyaweka hapa kwa mpangilio wa kufuata. Yanamhusu mzazi wa kipato cha kawaida anayepanga, ambaye mtoto wake anaanza au anahamia shule ya msingi ya serikali. Anayenunua au kujenga ana mambo yake ya hati na viwanja ambayo siyagusi hapa.

Kabla ya yote: chagua shule kwanza, nyumba ifuate. Wengi wanaanzia kwenye nyumba. Wanaona marumaru na fensi, wanalipa miezi sita, halafu Januari ndiyo wanauliza shule iko wapi. Kodi ikishalipwa hairudi, na mtoto ndiye anayeibeba gharama kwa kuamka saa kumi alfajiri.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kama huna, anza kukifuatilia leo, na wakati unasubiri tunza tangazo la kizazi na kadi ya kliniki.
- Picha ndogo za mtoto, na kitambulisho chako cha NIDA au walau namba yake.
- Kwa mtoto anayehama: namba yake ya PReM (ndiyo inayomtambulisha mwanafunzi wa msingi kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani) na ripoti yake ya mwisho ya maendeleo.
- Hela ya kuanzia. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Nyumba ya 200,000 kwa mwezi inakudai 1,400,000 kabla hujakodi kirikuu cha kuhamisha vyombo.
- Muda. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza kwa kawaida hufunguliwa Oktoba na masomo huanza Januari. Ukiweza, anza kuzunguka Agosti. Anayeanza Desemba anagombania mabaki ya shule na mabaki ya nyumba kwa wakati mmoja.

Hatua

1. Piga hesabu ya kodi na nauli pamoja.

Kodi peke yake inadanganya. Tuseme nyumba ya mbali ni 180,000 na ya karibu na shule ni 240,000. Ukikaa ile ya mbali, watoto wawili wanapanda bodaboda moja kwa 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Kwa siku 22 za masomo hiyo ni 66,000 kwa mwezi. Nyumba "ya bei rahisi" imeshakuwa ghali zaidi, na bado hujaweka siku za mvua boda anapopandisha bei. Andika hesabu hii kwenye karatasi kwa kila nyumba utakayoiona, pamoja na nauli yako ya kazini.

2. Chagua upande wa mji kwa barabara unayopita kwenda kazini.

Dar ni jiji la watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na foleni yake unaijua au utaijua. Anayefanya kazi Kariakoo akaishi Bunju hatamwona mtoto wake akiwa macho. Fuata barabara moja kubwa inayokupeleka kazini: Morogoro, Bagamoyo, Nyerere au Kilwa.

Maeneo ya zamani kama Magomeni, Ilala, Temeke na Kinondoni yana shule zilizokaribiana, lakini kwa hela ya kawaida utapata nyumba ya uani, vyumba viwili, majirani wengi. Pembeni kama Goba, Chanika au Chamazi unapata nafasi kubwa zaidi kwa hela ile ile, ila watu wamehamia kwa kasi kuliko madarasa yalivyojengwa. Mimi ningemwambia mwenye watoto wadogo avumilie udogo wa nyumba kwanza. Wakifika darasa la tano wanaweza kutembea mbali kidogo, na hapo ndipo uhamie kwenye nyumba yenye uwanja.

3. Soma matokeo mwenyewe.

Ingia kwenye tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani), sehemu ya matokeo, chagua PSLE (darasa la saba), mwaka, mkoa, halmashauri, kisha shule. Ukurasa wa shule una mambo matatu ya kuangalia: idadi ya waliofanya mtihani, wastani wa shule, na mgawanyo wa madaraja A hadi E. Masomo ni sita, kila moja alama 50, kwa hiyo wastani unausoma juu ya 300.

Angalia miaka mitatu mfululizo, usiridhike na mmoja. Shule iliyopanda mwaka mmoja na kushuka miwili huenda ilibahatika kupata kundi zuri. Kisha angalia idadi ya watahiniwa. Wastani wa 190 kwa watoto 35 na wastani wa 180 kwa watoto 250 haulingani. Ile ya pili ina walimu wanaofanya kazi kubwa. Pitia pia matokeo ya upimaji wa darasa la nne (SFNA), maana yanakuonyesha kundi linalokuja.

Tahadhari mbili. Orodha ya halmashauri inachanganya shule za serikali na za binafsi, kwa hiyo usilinganishe shule ya kata yako na ya kulipia mamilioni. Na zile orodha za "shule kumi bora" zinazozunguka WhatsApp: NECTA iliacha kutangaza kumi bora Januari 2023. Za baada ya hapo zimepangwa na watu wenyewe.

4. Nenda shuleni.

Baki na shule tatu au nne, kisha zitembelee siku ya katikati ya wiki, saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko. Omba kumwona Mwalimu Mkuu. "Shikamoo Mwalimu, natarajia kuhamia mtaa huu, nina mtoto wa darasa la kwanza, nimekuja kuulizia nafasi." Salamu hiyo na sentensi hiyo moja inatosha, usianze na malalamiko ya shule uliyotoka.

Uliza haya: darasa la kwanza lina mikondo mingapi na kila mkondo una watoto wangapi? Wanaingia wote asubuhi au kwa zamu mbili? Kuna uji au chakula cha mchana, na wazazi walikubaliana mchango kiasi gani? Shule za msingi za serikali hazina ada, lakini chakula, sare na madaftari viko kwako. Watoto wa awali wa shule hiyo wakishapanda la kwanza, zinabaki nafasi ngapi za wageni? Swali hili la mwisho watu hulisahau. Ukiwa na mtoto wa miaka mitano, njia ya uhakika ya kuingia shule inayogombaniwa ni kumwingiza awali yake.

Kisha tembea. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kwa Dar hutapata shule nyingi zinazofikia hapo, lakini kuna tofauti kubwa kati ya darasa la watoto 70 na la 160. Fika hadi vyooni. Fungua bomba la kunawia mikono uone kama linatoa maji au limebaki pambo. Angalia kama milango ya vyoo vya wasichana ina komeo. Chungulia dirishani kwenye darasa la pili: daftari zilizosahihishwa, au zina kurasa tupu tangu wiki iliyopita?

Ukitoka getini, nunua maandazi kwa mama anayeuza pale nje, ukae kidogo. Yeye anajua mwalimu gani anafika saa kumi na mbili na nusu, lini watoto walirudishwa nyumbani kabla ya muda, na kama kuna vijana wanaowasumbua wasichana njiani. Habari hizi hazipo kwenye tovuti yoyote.

Jambo moja linalowachanganya wageni: shule ikielemewa hugawanywa, na unaweza kukuta shule mbili au tatu ndani ya uwanja mmoja, jina moja kwa A na B, kila moja na Mwalimu Mkuu wake na matokeo yake. Hakikisha unaongea na ile uliyosoma matokeo yake.

5. Pima umbali kwa miguu ya mtoto.

Anzia getini kwa shule uende nje, ukiwa na mtoto kama inawezekana. Dakika 20 za mwendo wake ndio mpaka wako. Kwa wa darasa la kwanza ni kama kilomita moja, moja na nusu. Weka alama kwenye ramani ya simu kila upande.

Halafu futa upande wowote unaomlazimu kuvuka barabara kubwa peke yake. Nyumba iliyo mita 400 tu, lakini ng'ambo ya Barabara ya Morogoro au ya Mandela, kwa mtoto wa miaka sita iko mbali kuliko ile ya kilomita moja ndani ya mitaa. Angalia pia mifereji na mabonde. Kivuko cha mbao unachokipita vizuri Agosti huenda hakipo masika, kati ya Machi na Mei.

6. Sasa tafuta nyumba ndani ya eneo hilo.

Anza bila dalali. Muulize mjumbe, mama wa genge, fundi, mwenye duka, na wazazi uliokutana nao getini. Sema wazi unachotaka na ukomo wako: "Natafuta vyumba viwili na sebule, choo ndani, mwisho laki mbili." Ukisema "bei yoyote ya kawaida" utaonyeshwa za laki nne.

Usipopata, tumia dalali wa mtaa ule ule. Wa mbali atampigia wa hapo, na mtakuwa mnawalipa wawili. Hela ya kuonyeshwa nyumba mkubaliane kabla ya kutoka, na iwe ni ya nyumba zote za siku hiyo. Udalali wa mwezi mmoja unalipwa mkataba ukishasainiwa, si kabla.

Dalali akikwambia, "Dada, hapo shuleni dakika tano tu," muulize kwa mguu au kwa boda. Kisha mwombe mtembee wote. Wengi watakumbuka nyumba nyingine iliyo karibu zaidi.

7. Kagua nyumba kwa macho ya mvua na ya mtoto anayesoma.

- Maji: ni ya DAWASA au ya kisima? Yanatoka siku ngapi kwa wiki? Kuna simtanki, na nani analipia umeme wa pampu? Onja maji ya kisima. Mengine ni ya chumvi hata chai haifai.
- Umeme: una mita yako ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) au mnachangia? Mita ya kuchangia ni chanzo cha ugomvi kila mwezi. Kumbuka pia kuwa tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ni deni la mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane mapema kwamba utaikata kwenye kodi ya pango.
- Mafuriko: tazama ukuta wa nje, kama kuna mstari wa tope au rangi mpya iliyoishia usawa wa goti. Muulize jirani, usimuulize mwenye nyumba. Bei nzuri ya ajabu karibu na Bonde la Msimbazi ina sababu yake.
- Alama ya X nyekundu ukutani: nyumba imewekewa alama ya kuvunjwa, mara nyingi kwa sababu iko kwenye hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kandokando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara. Ondoka, hata kama wanasema "hiyo ya zamani".
- Kelele: rudi Ijumaa saa tatu usiku. Baa ya jirani haisikiki mchana.

8. Mhakiki mwenye nyumba.

Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uliza kwa mwenyekiti au mtendaji: nyumba ile ni ya nani? Kuna mgogoro wa mirathi? Ndugu wanaogombania nyumba ya marehemu baba yao ni mtego wa kawaida. Unalipa kwa kaka mkubwa, mwezi wa pili anakuja dada na barua ya mahakama.

Usimpe mtu yeyote "hela ya kushikilia nyumba" kabla ya kumwona mwenye nyumba uso kwa uso. Matapeli hupanga nyumba kwa wiki moja, wakaionyesha kama yao kwa watu kumi. Wanaolizwa zaidi ni wanaotafuta nyumba kwa simu wakiwa mkoani. Kama huwezi kuja, mtume ndugu unayemwamini.

9. Andikianeni, kisha lipa.

Mkataba uwe na majina kamili, kodi kwa mwezi, miezi iliyolipwa, tarehe ya kuanza na kuisha, nani anatengeneza choo kikiziba au bati likivuja, notisi ya miezi mingapi kila upande, na lini kodi inaweza kupanda. Mashahidi wawili, mmoja wa kwako. Lipa benki au kwa simu kwenye jina lile lile lililo kwenye mkataba.

Omba kulipa miezi mitatu. Nyumba iliyokaa wazi muda mrefu, mwenye nyumba hulegea. Ukikataliwa, pendekeza miezi minne, au sita kwa punguzo. Kuomba hakuna aibu.

10. Mwandikishe mtoto mara moja.

Chukua barua ya utambulisho serikali ya mtaa, peleka shuleni na nakala ya cheti cha kuzaliwa na picha. Usisubiri kupanga vyombo.

Kwa anayehama, mpangilio ni huu: shule mpya ithibitishe ina nafasi, kisha shule ya zamani ianzishe uhamisho kwa namba ya PReM. Ukitoka halmashauri nyingine, maofisa elimu wa pande zote mbili wanahusika, na inachukua muda. Wakati mzuri ni likizo ya Juni au Desemba. Mtoto wa darasa la saba aliyekwisha kusajiliwa kwa mtihani wa Septemba mwache amalizie alipo, hata kwa kukaa kwa shangazi miezi michache.

Mambo yakikwama

*Shule uliyoipenda imejaa.* Uliza ile pacha iliyo uwanja huo huo. Ikishindikana, nenda kwa Afisa Elimu Kata. Yeye anajua wapi mkondo mpya unafunguliwa. Akitokea mtu anayekuuzia nafasi, usimpe hela. Nafasi ya shule ya serikali haiuzwi.

*Nyumba zote karibu na shule zimenishinda bei.* Una njia mbili. Ya kwanza, punguza chumba kimoja kwa miaka miwili. Ya pili, rudi hatua ya 3 uchukue shule ya pili kwenye orodha yako. Tofauti ya wastani wa alama 10 haistahili kukufanya ukope kodi.

*Lazima apande daladala.* Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, na ndiyo maana makonda huwakwepa. Panga nyumba karibu na kituo linapoanzia gari, ambapo anapanda likiwa tupu. Kituo cha katikati ya njia atabaki amesimama na begi mgongoni magari yakimpita.

*Cheti cha kuzaliwa hakijatoka.* Nenda na ulicho nacho, tangazo au kadi ya kliniki, pamoja na risiti ya maombi ya RITA. Mwombe Mwalimu Mkuu amwandikishe wakati unakifuatilia, na umpelekee kweli.

*Nataka shule ya serikali inayofundisha kwa Kiingereza.* Zipo chache, Olympio na Diamond za Upanga ndizo maarufu. Wazazi huchangia gharama, na wanaotaka nafasi ni wengi kuliko nafasi zenyewe. Usihamie Upanga kwa matumaini. Pata nafasi kwanza, halafu uone kama kodi ya kule unaiweza au mtoto atapanda gari.

*Mtoto yuko darasa la sita, nihame sasa?* Angalia sekondari kabla ya msingi. Kidato cha kwanza wanapangiwa na serikali, na wa kutwa kwa kawaida hupelekwa sekondari za eneo la shule yao ya msingi. Kwa hiyo fungua matokeo ya kidato cha nne ya sekondari za kata unayotaka kuhamia, uhesabu wangapi wamepata daraja la kwanza hadi la tatu na wangapi wamepata sifuri. Kama ni mbaya kuliko za ulipo, baki hadi amalize la saba.